Maneno Aliyoyabeba Nuswe: Historia ya Marehemu Saulo Anyelwisye Mwakagile

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Soweto hapa Mbeya, wakwe zetu mliosafiri kutoka Iringa, na ninyi mliotoka Rungwe na Chunya, sogeeni karibu, mlioko kule nyuma kwenye masufuria acheni miko mje, wali hautakimbia, wenye simu zizimeni, kinababa mliosimama barabarani ingieni ndani ya turubai, na watoto wakae hapa mbele kwenye mkeka, kwa maana marehemu mwenyewe angetaka wao ndio wasikie kuliko sisi, basi tunaomba ukimya, ila mtoto akiuliza jambo asifinywe.

Maneno mtakayosikia ni ya Bibi Rozalia, mjane wa marehemu, ambaye shule aliipita kwa nje akiwa na kuni kichwani, ameyasema kwa kinywa chake na sisi wanafamilia tumeyaandika kama alivyoyasema, tarehe tumezipata kwenye vyeti na kadi za kliniki, mengine yote yalikuwa kichwani mwake, na sauti za wenyewe alizitoa moja moja kama mtu anayetoa vyombo kabatini.

Marehemu Saulo Anyelwisye Mwakagile alizaliwa tarehe 12 Aprili 1948, katika kijiji cha Kyimbila, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa Mzee Anyelwisye Mwakagile, mkulima wa kahawa, na mama yetu Tupokigwe, ambaye wazee wanasema alikuwa akizungumza na watoto wake tangu wakiwa tumboni, anapita migombani akiwaambia mama anakwenda kuteka maji, mama anarudi, mama ameteleza kidogo lakini msiogope, hata majirani wakamcheka, "Tupokigwe, unaongea na nani?" naye akajibu, "Na mgeni, bado yuko njiani."

Alianza shule mwaka 1957 hapo hapo Kyimbila, akasoma mpaka darasa la nne, akaacha mwaka 1960 baba yake alipofariki, na ingawa miaka ile ilikuwa michache, hesabu za kichwa alitoka nazo, kwa sababu mama yake alimtuma dukani bila karatasi, akimwambia vitu vitano kwa mpigo, akisahau kimoja anarudi kukiuliza, na njia ilikuwa na kilima, kwa hiyo, kama alivyosema mwenyewe, miguu ndiyo iliyokifundisha kichwa kukumbuka.

Mwaka 1966 alipanda lori kwenda Mufindi, mkoani Iringa, kuchuma chai, akawa mchumaji kwa miaka sita, kisha mpimaji wa vikapu, na ni katika mistari ile ya chai alipokutana na binti wa Kihehe wa Igowole, Rozalia, ambaye alimsikia kijana akihesabu vikapu kwa Kinyakyusa kwa sauti kubwa, akamuuliza, "Wewe kaka, hizo namba zenu ni za kuhesabia au za kufukuzia nyani?" naye akacheka mpaka akapoteza hesabu, ikabidi wapime upya, na tarehe 14 Septemba 1974 wakafunga ndoa kanisani Igowole mbele ya pande zote mbili.

Hapa Bibi anaomba tuseme jambo ambalo wengine mtalicheka, lakini ndani yake ndimo ilimo historia yote hii, kwamba kwa Wahehe mwanaume ndiye anayemkwepa mama mkwe wake kwa heshima, na Mzee Saulo aliitii mila ya wakwe zake barabara, hata siku moja alipomwona mama mkwe anakuja kwenye njia nyembamba ya shambani alijirusha mtaroni na kikapu cha chai mgongoni, akakaa humo mpaka mama apite, na mama naye akapita akiimba kwa sauti, akijifanya hajaona kikapu kinachochungulia, wakaheshimiana hivyo kwa miaka ishirini na mmoja mpaka kifo kilipowatenganisha, na alipoulizwa kama hakuchoka alisema, "Heshima haichoshi, inachafua nguo tu."

Mwaka 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha karatasi Mgololo, kitengo cha kukata na kufunga, akafanya kazi huko hadi mwaka 1998 alipoacha kwa sababu ya kifua, akahamia na familia hapa Soweto, na tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, akawa anakunja mifuko ya khaki kwa ajili ya duka la nafaka na viungo la Bwana Mulji na mkewe Mama Shanta pale mjini, kazi aliyoifanya akiwa ameketi kwenye kigoda hapa nyumbani, kwenye mlango wa mbele, vidole vikienda vyenyewe, macho yakiwa kwa wapita njia.

Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza ni Faustina, aliyezaliwa mwaka 1976, anaishi Iringa mjini, wa pili ni Philbert, wa mwaka 1979, aliyebaki Mgololo, wa tatu ni Atupele, aliyezaliwa mwaka 1982 akatangulia mwaka 1984 kwa surua, na Bibi amesema jina lake lisomwe kwa sauti ileile kama ya wenzake, Atupele, na wa nne ni Vitus, wa mwaka 1989, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Chunya, aliyemuoa Happy tarehe 22 Oktoba 2016, wakaishi nyumba moja na wazee, Vitus akija na kuondoka, na tarehe 3 Agosti 2018 wakapata binti, wakamwita Alinanuswe, ambaye sisi tunamwita Nuswe.

Happy alilelewa na bibi yake kule Mwakaleli, bibi wa kizamani, akafundishwa mila ya Kinyakyusa ambayo wengi mjini wameshaiacha, ya kwamba mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, hamtaji jina, hasemi kwa sauti mahali anaposikika naye, na wakikaribia kukutana mmoja ageuke, basi ndani ya nyumba ile ya vyumba vinne Mzee alikuwa na mlango wa mbele, Happy na mlango wa jikoni, Mzee akitaka kuzunguka uani anakohoa mara mbili kwenye kona, Happy anasikia anaingia ndani, na Bibi Rozalia aliyekuwa katikati alikuwa akiwatania, "Nyie Wanyakyusa mmegeuza, kwetu anakimbia mwanaume, kwenu anakimbia mwanamke, mimi ninayewapikia wote nikimbilie wapi?" wote wakacheka, kila mmoja upande wake wa ukuta, Happy akiwa ameziba mdomo na khanga.

Ikawa sasa, kwa kuwa Mzee yupo mlangoni kutwa nzima, Happy kutwa nzima ananong'ona, anambembeleza mtoto kwa kunong'ona, anamlisha kwa ishara, akilia anamwahi na ziwa kabla sauti haijapanda, mtoto akiangusha sahani mama anasema "shh," akicheka "shh," na Bibi naye siku nyingi alikuwa kwenye bustani yake ya mboga huko Iwambi, hivyo Nuswe akajua dunia ni mahali pa kunyamaza, akatimiza mwaka wa kwanza hasemi, wa pili hasemi, na alipotimiza wa tatu neno lake lilikuwa kidole, akitaka maji anaonyesha mtungi, akitaka mama anavuta khanga.

Mwezi Novemba 2021 Happy alimpeleka kwenye darasa moja la watoto wadogo, wakarudishwa, wakaambiwa mtoto aletwe tena akishaanza kusema, na siku hiyo Happy alikaa nyuma ya jiko na kulia kwa kunong'ona hivyo hivyo, akamwambia mama mkwe wake, "Mama, mimi niliishia darasa la tatu, sikuelewa kitu, na huyu nimemzaa na ujinga wangu," Bibi akamjibu, "Mwanangu, mimi hata hilo la tatu silijui, na nimezaa mtu anayesoma ramani za miamba, ujinga hauingii kwa maziwa," lakini maneno hayo hayakumtuliza, na kwa kuwa kuta za nyumba ile ni nyembamba, Mzee Saulo kwenye kigoda chake aliyasikia yote.

Bibi na Mzee walimpeleka mtoto hospitali, daktari akampima masikio na ulimi, akasema mtoto mzima, anasikia mpaka sindano ikianguka, kazi iliyobaki ni ya nyumbani, azungumzishwe sana na apewe sababu ya kujibu, na Mzee aliporudi alikaa siku mbili bila kukunja mfuko hata mmoja, Bibi akamuuliza, "Baba Faustina, kifua?" akasema, "Si kifua, Rozalia, mimi ndiye niliyemziba mdomo mtoto yule, kila nilipoketi pale mlangoni nilikuwa nimemkalia ulimini."

Bibi akamshauri aivunje mila siku hiyo hiyo yaishe, lakini Mzee alikataa, akasema mila si ya mmoja, yule binti amefundishwa na bibi yake kwamba hiyo ndiyo adabu yake na jina lake, ukimwambia ghafla aache utakuwa umemvua nguo mbele za watu, akaketi akafikiri namna ya kupitisha sauti ndani ya nyumba ile bila kubomoa ukuta, na Jumanne ya tarehe 11 Januari 2022, asubuhi, Happy akiwa uani anamenya viazi, Mzee alimwita Nuswe, akampa mfuko mmoja mdogo wa khaki uliokuwa mtupu, akamwambia taratibu akimtazama usoni, "Mpelekee mama, mwambie babu anaomba chai."

Mtoto akaenda, akasimama mbele ya mama yake na mfuko, kimya, Happy asijue mkwewe anataka nini, na kuuliza kwa sauti hawezi, akatia kiazi kimoja kilichokwisha menywa, mtoto akakirudisha, Mzee akafungua mfuko akakitazama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Asante, niliomba chai nimepata kiazi, mwambie mama chai yake leo ni ngumu, haimezeki," na huko nyuma ya ukuta Happy aliangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia, akakiziba upesi na mikono yote miwili, lakini mtoto alikuwa ameshakisikia, akageuka, akakimbia na mfuko wake mpaka uani, akasimama mbele ya mama yake, akafungua kinywa akasema, "Gumu!"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, na Bibi anasema alikuwa anapepeta mchele, akauangusha ungo wote, kuku wakala wakashiba.

Tangu siku hiyo Nuswe akawa mjumbe wa nyumba, Mzee anamtuma kwa mama yake maharage mawili makubwa na moja dogo, na mama anamrudisha aulize lipi babu analitaka, anatumwa jani refu kuliko kiganja chake, anazunguka uani akipima, anatumwa achambue viazi vya mbegu na vya kupika, vya mbegu kwenye mfuko mkubwa, vya kupika kwenye mdogo, anapewa mfuko uliofungwa aunuse aseme ndani kuna nini, kwa kuwa Mama Shanta alikuwa akituma punje za iliki na vijiti vya mdalasini vilivyovunjika, na Nuswe alipoletwa dukani Mama Shanta alimpandisha juu ya gunia la choroko, akamuuliza, "Haya bibi mkubwa, hii nini?" mtoto akanusa, akasema, "Chai ya Krismasi," na ilikuwa pilipili manga, Mama Shanta akasema sawa, kila mtu na Krismasi yake, kisha akamnusisha tena mpaka akalijua jina.

Karatasi zilizochanika Mzee alimpa achore kwa mkaa, hakumwambia chora hiki, alimuuliza tu umechora nani, anafanya nini, anakwenda wapi, kisha anamwambia akamsimulie mama, na mama anatuma swali, huyu mtu mbona hana miguu, mtoto anarudi, "Babu, mama anasema hana miguu," babu anasema, "Mwambie amekaa," na saa nyingine babu anagonga kigoda mara tatu, mama huko nyuma anagonga sufuria mara tatu, babu nne, mama nne, mtoto katikati anapiga makofi, majirani wakidhani kuna fundi bati.

Happy naye akaanza kuchangamka, kwa sababu sauti yake sasa ilikuwa na mchukuzi, akawa anatuma mambo ambayo mkamwana hawezi kumwambia baba mkwe hata ndotoni, mtoto anafika mlangoni, anasimama wima, "Babu, mama anasema jana ulikoroma kama mashine ya kusaga," babu anatikisa kichwa, "Mwambie ilikuwa inasaga ugali wa leo, apike mwingi," na Bibi Rozalia, kwake mtoto alifundishwa kusema "kamwene" kwa Kihehe, kwa babu "ugonile" kwa Kinyakyusa, na kwa watu wote shikamoo, hata ikawa mgeni akibisha hodi anasalimiwa mara tatu kabla hajapata kiti.

Majirani walipoona, wakaanza kuleta watoto wao Jumamosi, na Mzee hakuwafukuza ila aliwakatalia kuwaacha na kuondoka, alisema, "Mama akae, baba akae, mimi si darasa," akawaambia kwamba hawahitaji kununua kitu, nyumbani kuna maharage, kuna vifuniko, kuna nguo za kuanua na kupanga soksi mbili mbili, kinachopungua ni subira, kwa kuwa mtu mzima anauliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajameza mate, na baba mmoja dereva wa bajaji alipolalamika kwamba wa kwake ni mzito, Mzee akamwambia, "Si mzito, wewe ndiye mwepesi, ukimuuliza hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ukifika kumi rudia," yule baba akafanya hivyo, akafika saba, mtoto akajibu, na mwenyewe yupo hapa leo anatikisa kichwa.

Ilipofika Alhamisi tarehe 8 Desemba 2022 walimpeleka Nuswe shule, kuandikishwa darasa la awali, na ni hapo tulipogundua kosa ambalo nyumba nyingine yoyote isingeweza kulifanya, maana Mwalimu Benedicta, ambaye yupo hapa na atukanushe kama tunaongopa, alimwita mtoto ofisini peke yake, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, unaitwa nani?" Nuswe akamsikiliza mpaka mwisho, akatoka mbio, akavuka uwanja mpaka chini ya ukuta alipokuwa mama yake, "Mama, mwalimu anasema unaitwa nani?" Happy akanong'ona, "Happy," mtoto akarudi mbio, akasimama wima, akasema, "Anasema Happy."

Mwalimu akaandika kidogo, akamuuliza ana miaka mingapi, mtoto akatoka tena mbio, akarudi na jibu la ishirini na saba, akaulizwa anapenda kula nini, akarudi na jibu kwamba anasema chochote tu mwalimu asijisumbue, na Mwalimu Benedicta akafunga daftari, akawafuata nje, akasema kwa huruma, "Mama, mtoto ni mchangamfu lakini maswali hayaelewi, mleteni tena uandikishaji wa mwakani."

Mzee Saulo alikuwa amekuja nao, ameketi kwenye benchi la mbali kaipa shule mgongo, kwa sababu mkamwana wake yupo pale, na Bibi aliyeketi pembeni yake anasema alimwona mzee akishika magoti kwa mikono miwili, kwa kuwa alijua sasa jambo limefika kwa Happy, na Happy akisema litasikika kwake, na asiposema mtoto atarudi nyumbani mwaka mwingine, na mwaka wa mtoto wa miaka minne si mwaka wa mtu mzima, ni robo ya maisha yake yote.

Happy alitazama lile benchi, akatazama mtoto, akajifunga khanga kiunoni, akasema, na tunamnukuu kama alivyosikika uwanja mzima, "Mwalimu, mtoto wangu hajashindwa swali, ametumwa, kwetu akiulizwa jambo analipeleka kwa mwenyewe na kuleta jibu, wewe ukamuuliza kama mtu anayetuma naye akatumika, usimpime kwa kukaa, mtume uone!" na baada ya hapo akashika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshavuka uwanja, limerudi kwa mwangwi wa ukuta wa choo cha walimu, na Mzee kwenye benchi hakugeuka, ila mabega yalimtikisika.

Mwalimu Benedicta akachuchumaa, akamwambia Nuswe aende jikoni kwa mpishi, amwambie uji wa leo uwe mwepesi, aulize vikombe vipo vingapi, na aulize kamba ya kuruka iko wapi, mtoto akaenda, akakaa huko kidogo, akarudi akihema, "Mpishi anasema uji ni huo huo asiyetaka aache, vikombe vipo kumi na mbili lakini kimoja hakina mkono, na kamba ameificha kwa sababu mwalimu ukianza kuruka huachi," walimu waliokuwa dirishani wakacheka mpaka wakashikana, Mwalimu Benedicta akafungua daftari lake upya, akasema, "Sasa wewe peke yako, usiende kwa mama, jina lako?" mtoto akafikiri, mwalimu akangoja, wote tukangoja, ndipo akasema, "Ninaitwa Alinanuswe Vitus Mwakagile, babu ananiita Nuswe, wewe niite unavyotaka," akaandikwa.

Njiani kurudi Mzee alitembea mbele peke yake kama desturi, na alipofika nyumbani akamwambia mkewe, "Rozalia, nimekaa na sauti ile miaka sita nikaifungia jikoni, kumbe ni ya kuongozea kwaya," na Jumapili ya tarehe 19 Februari 2023 akawaita wazee wa ukoo, akampa Happy kitenge na mtamba mmoja mbele ya mashahidi, akamfungulia mila, awe binti wa nyumba, waonane na waongee, na Happy akapokea kwa magoti, akasema "ndaga," yaani asante, akanyanyua uso, na wawili hao wakatazamana kwa mara ya kwanza, Mzee akasema baadaye kwamba alidhani ni mrefu zaidi.

Basi wazee wakaondoka, chai ikaletwa, Mzee na mkamwana wake wakabaki sebuleni, kila mmoja anatazama kikombe chake, hakuna anayejua kuanza, mwisho Mzee akakohoa mara mbili, akamwita mjukuu aliyekuwa anacheza pale katikati, akamwambia, "Nuswe, mwambie mama yako sukari imezidi," na mtoto akamkazia macho, akasema, "Mwambie mwenyewe babu, si huyo hapo!"

Hivyo ndivyo walivyoanza kuongea, na waliongea miaka miwili na miezi minne, maneno yote waliyokuwa wameyaweka akiba, na kuanzia Mei 2024 Mzee aliposumbuliwa na moyo kutanuka, akalazwa mara tatu hospitali ya rufaa hapa Mbeya, na Bibi akiwa Iringa kumuuguza Faustina aliyefanyiwa upasuaji, ni Happy aliyemwosha miguu, aliyempa dawa saa kwa saa, aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda chake wodini, na muuguzi alipouliza, "Mzee, huyu ni binti yako wa ngapi?" Mzee alijibu, "Wa mwisho kuzaliwa, nilichelewa kumsikia."

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne kasorobo, hapa nyumbani, akiwa amelalia ubavu wa kulia, mkewe akiwa amemshika mkono na Happy akimweleza habari za majirani, nani amejifungua, nani anajenga, habari za kawaida tu kwa sababu mwenyewe aliziomba, Mzee Saulo alivuta pumzi ya mwisho katikati ya habari ya bomba la maji, na Happy hakunyamaza, aliimalizia habari ile mpaka mwisho, akasema haikuwa adabu kumwachia njiani.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, naye ameishi miaka sabini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, na daktari yule wa masikio ambaye jina lake hatukulishika lakini maneno yake tumeyafuata, inawashukuru Bwana Mulji na Mama Shanta waliofunga duka leo, Mwalimu Benedicta na wenzake, mpishi wa shule, wafanyakazi wenza wa zamani wa Mgololo na Mufindi, kanisa, na majirani wa Soweto mliopika, mliochota maji, mliolala hapa na watoto wenu, hatuwezi kuwataja wote, Mungu anawajua.

Baba, babu, mume, umetusikiliza vya kutosha, sasa ulale salama Kyimbila kwenye udongo wa mama yako, nasi tutaongea mpaka tukukute.

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, wazee wameagiza yasomwe aliyoyaacha mwenyewe kwa kinywa chake, ili asije mtu baadaye akasema hakusikia, nyumba hii ya Soweto ni ya Bibi Rozalia, Faustina ameachiwa redio na koti la Mgololo, Philbert ameachiwa baiskeli na shoka, Vitus ameachiwa migomba ya Kyimbila kwa sharti kwamba machimbo ya Chunya ayape siku chache na mtoto wake ampe siku nyingi, naye amekubali mbele yetu, Happy ameachiwa nafasi ya marehemu katika vikao vya ukoo, ya kusema na kusikilizwa, na kikao cha kwanza alikifungua yeye leo asubuhi, na kwa Alinanuswe babu hakutaja kitu, alisema aulizwe mwenyewe anataka nini, akaulizwa juzi, amesema bado anafikiri.